Jina la Shule Husomwa kwa Tarehe

Mjini Iringa, kwenye majengo yanayotumiwa leo na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyoitwa St. Michael's and St. George's. Ilirithi wanafunzi wa shule ya Wazungu ya Kongwa, iliyoanzishwa kwa ajili ya familia za wafanyakazi wa ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioporomoka. Baada ya Uhuru ikawa sekondari ya Mkwawa, na mwaka 2005 ikageuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki. Mkwawa mwenyewe, mtemi wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikavunjwa 1894, na mwaka 1898 akajiua asikamatwe akiwa hai. Waliochora ramani ya majengo yale hawakuwa na nia yoyote ya kumuenzi. Jina lake lililetwa na kizazi cha Uhuru, na ukilisoma vizuri linaeleza mengi kuhusu miaka ya 1960 kabla halijaeleza lolote kuhusu miaka ya 1890.

Hapo ndipo wengi wanaoandika historia ya shule kwa ajili ya jubilei hujikwaa. Wanachukua jina lililopo kwenye kibao cha lango, wanatafuta maana yake au mtu aliyeitwa hivyo, kisha wanaunganisha maisha ya mtu huyo na kuanzishwa kwa shule kana kwamba ni jambo moja. Swali la kwanza liwe hili: jina hili lilitolewa mwaka gani, na nani alikuwa na mamlaka ya kulitoa? Ukishapata tarehe, historia ya mahali huanza kujipanga yenyewe.

Kwa Tanzania Bara tarehe hizo haziko nyingi. Shule kongwe za misheni zilibeba majina ya watakatifu na ya vituo vya misheni. Shule za serikali ya kikoloni zilitajwa kwa mji na kwa rangi ya wanafunzi, kwa kuwa elimu iligawanywa kwa Wazungu, Wahindi na Waafrika hadi mfumo huo ulipofutwa Januari 1962. Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, ambayo kwayo serikali ilizitwaa shule za mashirika ya dini na za jumuiya za Kihindi, na hapo majina yakabadilika kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Assumpta ya Moshi ikawa Weruweru. Marian College ya Morogoro, iliyoendeshwa na masista wa Maryknoll, ikawa Kilakala. St. Francis ya Pugu ikabaki Pugu, na St. Andrew's ya Minaki ikabaki Minaki. Hapo mtakatifu aliondolewa na jina la mahali likaendelea kutumika kama watu walivyokuwa wakiita siku zote. Shule ya wavulana ya Aga Khan, Dar es Salaam, ikaitwa Tambaza, jina la ukoo wa wenyeji wa zamani wa upande ule wa Upanga. Sekondari ya serikali ya Wahindi ikaitwa Azania, jina ambalo mabaharia wa Kiyunani na Kirumi walilitumia kwa pwani hii karibu miaka elfu mbili iliyopita. Karimjee ya Tanga ikawa Usagara.

Ukiziangalia kwa pamoja, shule hizo zinaonyesha jinsi wabadilishaji walivyofikiri. Walikuwa na njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni kurudi kwenye jina la kijiji au mtaa, kama Weruweru na Kilakala. Ya pili ni kumwinua shujaa aliyepinga wakoloni. Kibasila, kiongozi wa Wazaramo wakati wa Vita vya Maji Maji, ana sekondari Dar es Salaam. Mazengo, mtemi wa Wagogo, alipewa ile iliyokuwa Alliance ya Dodoma, na ingawa yeye hakupigana na Wajerumani kama Mkwawa, alihesabiwa kuwa alama ya utawala wa wenyeji. Ya tatu ni kuchukua jina pana la kale lisilo la kabila lolote, kama Azania. Chaguo la tatu lilifaa zaidi mijini, ambako kumpa sifa mtu wa kabila moja kungeleta manung'uniko.

Tabora inastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu hapo makosa ni mengi. Nyerere alisoma Tabora kwenye shule ya serikali, ile iliyoanzishwa miaka ya 1920 ikiwalenga zaidi watoto wa machifu. Aliporudi kutoka Makerere alifundisha Tabora hiyo hiyo, 1946 hadi 1949, lakini katika shule nyingine: St. Mary's ya Mapadre Weupe. Baadaye St. Mary's ikaitwa Milambo, kwa jina la mtemi wa Wanyamwezi wa karne ya kumi na tisa. Atakayetafuta habari za mwalimu Nyerere wa Tabora akiandika jina "Milambo" kwenye faharasa za zamani hatapata kitu, na atakayedhani kuwa alifundisha pale alipokuwa mwanafunzi atakuwa amechanganya shule mbili zenye historia zisizofanana kabisa. Tena kuna suala la herufi. Vitabu vya historia humwita mtemi yule Mirambo, shule huandika Milambo. Matamshi ya Kinyamwezi hayatenganishi sauti hizo kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, kwa hiyo usisahihishe upande wowote. Katika maandishi yako, shule ibaki Milambo na mtemi abaki Mirambo.

Zanzibar ilikuwa na mwendo wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, shule za Unguja na Pemba zilipewa majina ya viongozi wa nje: Lumumba kwa iliyokuwa King George VI, Ben Bella, Haile Selassie, na Fidel Castro kule Pemba. Majina haya ni rahisi kuyakadiria wakati wake. Ahmed Ben Bella aliondolewa madarakani Algeria Juni 1965, na ni vigumu kuamini kwamba mtu angefikiria kumpa shule baada ya hapo. Haile Selassie aliangushwa 1974 na jina likabaki. Kubaki huko nako kunasema jambo: jina la shule likishaingia kwenye vyeti, kwenye jezi za mpira na kwenye midomo ya watu, huishi kuliko siasa iliyolileta.

Si kila jina lilidumu. Mazengo haipo tena kama sekondari. Eneo lake lilirudi kwa Kanisa Anglikana, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St. John's. St. Joseph's ya Dar es Salaam iliitwa Forodhani baada ya kutaifishwa, ikarejeshwa kwa Kanisa Katoliki na kurudia jina la mtakatifu wake. Waliohitimu Forodhani wana vyeti vya shule ambayo leo haina kibao chochote mjini. Kwa watu hao historia ya jina si mapambo. Mwajiri akiuliza shule ilipo, inabidi kuwe na karatasi inayoeleza kwamba hii ndiyo ile.

Shule za msingi zina hadithi nyingine, na kwa maoni yangu ndizo zinazobeba historia ya mahali kwa undani zaidi, ingawa hazipati heshima hiyo. Azimio, Mapinduzi, Muungano, Umoja, Ujamaa, Jitegemee: majina haya yamejaa kuanzia Kagera hadi Mtwara. Azimio haliwezi kuwa kabla ya Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, wala Muungano kabla ya Aprili 1964. Lakini jihadhari. Mara nyingi shule ilikuwapo tayari kwa jina la kijiji au la mzee aliyetoa ardhi, kisha ikabatizwa upya. Au mtaa ndio ulioitwa Azimio kwanza na shule ikafuata mtaa. Jina linakupa mwaka ambao shule haikuweza kuitwa hivyo kabla yake. Halikupi mwaka wa kuanza.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilivuruga zaidi. Watu walihamishwa na jina la kijiji likahama nao, na shule ikajengwa upya kwenye makazi mapya kwa jina lile lile. Ndiyo maana utakuta shule yenye jina la mto usiopita karibu, au la mti usioota kwenye udongo ule. Wazee wakikwambia shule ilianza 1958 na mtendaji anakuonyesha jengo la 1975, huenda wote wana haki: shule ni moja, viwanja ni viwili. Nenda kwenye kiwanja cha zamani. Mara nyingi utapata msingi wa mawe na mstari wa miti iliyopandwa kwa nafasi sawa, kwa sababu shule ndizo zilizopanda miti kwa mstari.

Wimbi la mwisho kubwa ni la shule za kata. Chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake, na wananchi walichangia matofali, mawe, mchanga, maji na nguvu kazi. Kata ina vijiji kadhaa, na kila kijiji kilitaka jina lake. Suluhisho la kawaida lilikuwa kutumia jina la kata, au la mlima unaoonekana na wote, au la kiongozi aliyekuwa madarakani. Chaguo hilo la tatu ndilo linalozeeka vibaya. Jina la mbunge au mkuu wa wilaya wa mwaka 2006 halimwambii mtoto wa leo chochote kuhusu kwao, na mara nyingi lilichaguliwa kwa matumaini ya mabati. Jina la kata nalo lina shida yake: kata hugawanywa, na shule hujikuta iko kwenye kata mpya huku ikiitwa kwa jina la ile ya zamani. Mtafiti asiyejua hilo ataitafuta kwenye kata isiyo yake.

Sasa, namna ya kufanya kazi yenyewe. Anza na karatasi zilizomo shuleni kabla ya kumhoji mtu yeyote, kwa sababu karatasi ndizo zitakazokupa maswali. Cheti cha usajili kinaonyesha jina la kisheria, na namba ya usajili ndiyo njia salama ya kutofautisha shule kumi zenye jina moja. Kisha omba daftari la udahili la kwanza kabisa. Lina namba ya mwanafunzi, tarehe ya kuingia, jina la mzazi, kijiji atokako, na shule alikotoka. Angalia safu ya kijiji: majina ya vitongoji yanapotoweka ghafla na kuwa jina moja, umekutana na Operesheni Vijiji. Angalia pia kama mwanafunzi namba moja aliingia katikati ya mwaka, au aliingia moja kwa moja darasa la tatu. Hiyo ni dalili kwamba shule ilizaliwa kutoka shule mama, na historia yake ya mwanzo iko kwenye daftari la shule nyingine.

Fuata na kitabu cha kumbukumbu za matukio, daftari la wageni, na mihtasari ya kamati ya shule, au ya bodi ikiwa ni sekondari. Mabadiliko ya jina mara nyingi yamo kwenye muhtasari, katika kipengele cha "mengineyo", mstari mmoja tu. Barua za zamani zina faida ya pekee: linganisha jina lililochapwa juu na jina lililomo kwenye mhuri. Mihuri ilichelewa kubadilishwa, hivyo barua yenye majina mawili tofauti iko karibu sana na mwaka wa mabadiliko. Vyeti vya wahitimu navyo husaidia. Vya zamani ni vya Cambridge, vikafuata vya baraza la Afrika Mashariki, kisha vya Baraza la Mitihani la Tanzania lililoundwa 1973, na kila kimoja kimeandika jina la shule kama lilivyokuwa mwaka huo.

Jiwe la msingi ndilo linalopotosha kuliko vyote. Tarehe iliyochongwa ni ya sherehe ya jengo lile, na shule inaweza kuwa ilifundisha chini ya mwembe au ndani ya kanisa la nyasi miaka kumi kabla. Zaidi ya hapo, mawe hubadilishwa. Jengo likikarabatiwa na kiongozi mwingine akazindua, jiwe jipya huwekwa juu ya la zamani au mahali pake. Kabla ya kunakili tarehe, zunguka jengo zima. La zamani huwa limegeuzwa kuwa ngazi ya mlango wa stoo.

Majina ya mabweni ni hazina ambayo wachache huitumia. Sokoine alifariki Aprili 1984, na shule nyingi zilimpa bweni muda mfupi baadaye. Samora kwa kawaida ni la baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, au baada ya kifo chake Oktoba 1986. Karume alifariki Aprili 1972. Lumumba aliuawa Januari 1961, kwa hiyo bweni la Lumumba linaweza kuwa la tangu Uhuru. Panga majina ya mabweni kwa miaka hiyo, kisha yalinganishe na umri wa majengo. Bweni la mtindo wa miaka ya 1950 likiitwa Sokoine, lilikuwa na jina jingine kwanza, na jina hilo linaweza kuwa la padre, la gavana au la mfadhili. Mazimbu, Morogoro, inaonyesha jinsi jina linavyoweza kufunga tarehe kabisa: chuo cha ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kiliitwa Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Afrika Kusini tarehe 6 Aprili 1979, na hata baada ya ANC kukabidhi majengo mwaka 1992 na kampasi kuwa ya Chuo Kikuu cha Sokoine, jina lake limehifadhiwa.

Nembo isomwe pia, pamoja na kile kilichofutwa. Shule za misheni zilizotaifishwa ziliondoa misalaba kwenye nembo na kuweka mwenge, kitabu au jembe, lakini msalaba uliojengewa kwenye matofali ya ukuta wa mbele mara nyingi uliachwa, na ukumbi wenye madirisha marefu membamba ulikuwa kanisa. Malangali ni mfano wa upande mwingine. Miaka ya mwisho ya 1920, W. Bryant Mumford alijaribu kuijenga shule ile juu ya desturi za wenyeji: wazee waliletwa kufundisha mila, kurusha mkuki na ngoma vikawa sehemu ya ratiba. Jaribio halikudumu, na wazazi wengi wa wakati ule walitaka elimu inayofanana na ya watawala. Anayeandika kuhusu utambulisho wa shule ya Tanzania asiache kusoma habari zake, kwa sababu inaonyesha kwamba "uenyeji" wenyewe uliwahi kuamuliwa na mgeni.

Nje ya shule kuna Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kabla ya kwenda, tengeneza orodha ya majina yote ya zamani ya mahali. Faili za Wajerumani hazina Tukuyu, zina Neu-Langenburg. Hazina Lushoto, zina Wilhelmstal. Kasanga ni Bismarckburg na Mwanza ni Muansa. Kwa shule za misheni, kumbukumbu nyingi ziko Ulaya: Mapadre Weupe waliandika shajara za kila kituo, na zimehifadhiwa Roma. Parokia kongwe huwa na nakala au angalau vitabu vya ubatizo, na katekista wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza.

Mahojiano yaje mwisho. Tafuta waliomo kwenye kurasa za mwanzo za daftari la udahili, fundi aliyejenga, na ukoo uliotoa ardhi. Wahoji mmoja mmoja. Wazee wakikaa pamoja, mwenye cheo husema na wengine huitikia. Usiulize "mwaka gani?" Uliza ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, ya kuhamia vijijini, ya Vita ya Kagera, ya mvua za El Niño. Ukoo uliotoa ardhi utakuambia jina walilolitaka wao, na mara nyingi hapo ndipo penye uchungu: waliahidiwa shule iitwe kwa jina la babu yao, halmashauri ikasajili jina jingine. Andika madai hayo kama walivyoyasema, ukitaja kwamba ni maelezo ya ukoo, hata kama karatasi zinasema vingine.

Karatasi utakazozikuta ziko hatarini. Zipige picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, ukurasa mmoja kwa picha moja, pamoja na jalada. Faili iitwe kwa mwaka, jina la daftari na namba ya ukurasa, na nakala ziwe sehemu tatu, mojawapo nje ya shule. Madaftari yasilale sakafuni wala yasiguse ukuta, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Usitumie gundi ya utepe kwenye kurasa zilizochanika, inaacha doa na kula karatasi. Usizipeleke kupigwa lamineti, hazitarudi tena katika hali yake.

Mwishowe shule itataka kibao au ukurasa mmoja wa historia. Naomba kibao hicho kiwe na majina yote, kwa mpangilio wa miaka, hata lile ambalo kizazi cha leo hakilipendi. Kiandike jina la sasa na mwaka lilipoanza kutumika, majina yaliyotangulia na miaka yake, mahali pa kiwanja cha kwanza kama shule ilihama, aliyetoa ardhi, na nani aliyeiendesha katika kila kipindi. Pale ambapo mwaka umetokana na kumbukumbu za wazee, kiandike "takriban". Kibao kikae ndani ya varanda, kwa herufi zilizochongwa, kwa kuwa rangi ya nje hupakwa upya kila ugeni mkubwa ukija na mpiga rangi hana muda wa kunakili maneno.